Mashahidi wa Mninga Mmoja

Alhamisi hiyo ilikuwa zamu ya Vestina kuipokea jumuiya ya Mtakatifu Monika. Kufika saa tisa alikuwa ameshafagia ua, ametandika mikeka miwili na jamvi la kuazima, na juu ya kigoda ameweka msalaba, mshumaa na kopo la maua. Jikoni kulikuwa na sufuria ya matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa juani, ambayo aliyapika upya kwa karanga. Ulikuwa mwezi wa Juni. Tumbaku ilikuwa imeshauzwa, na watu wa kitongoji cha Mninga Mmoja, huko Ulyankulu, walikuwa na nafasi ya kusali bila kutazama jua.

Saa kumi na robo watu kumi na wanane walikuwa wameketi. Walipofika tendo la pili la mwanga, lile la arusi ya Kana, nungunungu aliingia kwa mlango wa ua, akapita nyuma ya wanaume, akaketi kwenye pembe ya jamvi. Alikuwa nungunungu wa makamo. Miiba yake ililia kidogo alipokuwa akijiweka sawa, kama mtu anayetua mzigo wa vijiti. Mwanamume aliyekuwa karibu naye alisogeza goti lake. Salamu Maria iliendelea.

Sala zilipokwisha, Theodora, katibu wa jumuiya, alifungua daftari la mahudhurio na kuita majina. Mwishoni akauliza kama kawaida, "Kuna mgeni?"

"Huyo hapo pembeni," alisema mtu.

Theodora alimtazama juu ya miwani yake, akaandika: *Nungunungu. Mgeni. Mara ya kwanza.*

"Muulize kama ana mke," alisema Jonasi, shemeji yake Vestina, aliyekuwa kiongozi wa kwaya na mtu wa masihara. "Tusije tukaandika mmoja kumbe ni kaya nzima."

"Wewe Jonasi, hata wewe siku ya kwanza hatukukuuliza hivyo," alisema Theodora. Watu wakacheka. Vestina aligawa matobolwa. Nungunungu alipewa yake kwenye kibakuli cha bati, akala yote, akaondoka kwa mlango ule ule.

Vestina peke yake ndiye aliyejua kwamba siku hiyo ilikuwa ya tisa ya novena yake kwa Mtakatifu Antoni wa Padua, anayeombwa na watu waliopotelewa na vitu. Yeye alikuwa amepotelewa na mpaka. Aliomba aletewe shahidi. Hakutaja wa namna gani.

Habari ya mpaka ilikuwa hivi. Marehemu mumewe, Aleksi Nijimbere, alikuwa mrina asali. Kwenye ukanda wa miyombo nyuma ya shamba lao alikuwa ametundika mizinga kumi na mmoja ya magome, na hakuruhusu shoka lipite humo. Kila aliporina aliacha sega moja chini ya mti wa kwanza, juu ya jani. Vestina alipomuuliza sega hilo ni la nani, Aleksi alijibu, "La mwenyewe." Zaidi ya hapo hakueleza, na Vestina alidhani ni sadaka ya aina fulani.

Kati ya shamba la Aleksi na la mdogo wake Jonasi palikuwa na uzio wa minyaa ambao baba yao aliupanda walipopewa ardhi. Mti wa mnyaa hauna kinyongo. Ukikata tawi lake ukalichomeka popote, linaota, na baada ya masika mawili huwezi kuliambia kwamba halikuzaliwa hapo.

Aleksi alifariki mwezi wa Novemba, mvua za kwanza zikiwa zimeanza. Kwa desturi ya ukoo wao, mtu akizikwa jembe haliinuliwi kwa siku saba. Ukoo mzima na majirani wote hukaa matanga. Hakuna aendaye shambani, hakuna aendaye msituni, hata kuni huletwa na watu wa kitongoji kingine. Kwa hiyo siku saba zile hapakuwa na jicho la mtu nje ya ua wa Vestina. Watu wote walikuwa wamekaa chini wanamlilia Aleksi. Jonasi naye alilia, kwa machozi ya kweli, tangu asubuhi ya saa tatu mpaka jioni. Kabla ya saa tatu hakuna aliyemwuliza yuko wapi, kwa kuwa mfiwa haulizwi.

Matanga yalipoanuliwa, Vestina alikwenda kuitazama mizinga akakuta minyaa imesogea hatua arobaini. Ukanda wote wa miyombo ulikuwa sasa upande wa Jonasi.

Alimwuliza. Jonasi alijibu kwa upole, "Shemeji, kilio kinachosha macho. Minyaa iko pale baba alipoiweka." Kisha akamletea kilo mbili za sukari na sabuni ya mche, na msimu ule akamlimia robo eka bila kuombwa. Jonasi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto tisa na mabani mawili, vile vibanda virefu vya kukaushia tumbaku kwa moto, na bani hula kuni kuliko mtu anavyokula ugali. Aliwahi kusema mbele ya watu, "Kaka yangu alikuwa na miti mingi kuliko watoto. Mimi nina watoto wengi kuliko miti. Mungu ajuaye hesabu ndiye anajua kwa nini."

Masika mawili yalipita. Mwaka huu Jonasi alisema kwamba mwezi wa Agosti ataanza kukata.

Alhamisi iliyofuata jumuiya ilisali kwa Theodora. Nungunungu alikuja, na safari hii alifuatana na nyegere na komba wawili. Nyegere alikaa mbele kabisa, mgongo wake mweupe umenyooka, kama mtu aliyezoea vikao. Komba walipewa rozari kwa sababu walikuwa na vidole. Alhamisi ya tatu alikuja mhanga, masikio yake marefu yamelala nyuma kwa adabu, na nsya jike, yule swala mdogo wa vichakani, aliyesimama mlangoni muda wote wa sala. Palahala dume alibaki nje ya uzio kwa ajili ya pembe zake, lakini kila "Amina" iliposemwa aliinamisha kichwa. Kakakuona alifika amechelewa. Ilipofika sala ya majuto alijiviringa akawa kama mtungi, na hakujikunjua mpaka mwisho.

Kwa ajili ya kakakuona nusura patokee mzozo. Mama mmoja mwenye asili ya Unyamwezi alisema kwamba kwao mnyama huyo akitokea huwekewa jembe, maji na punje za mahindi, na akiendea kimojawapo watu hujua mwaka utakuwaje.

"Hapa ni jumuiya, mama, siyo ramli," alisema Theodora. "Amekuja kusali. Na wewe ukija hapa tukuwekee jembe tuone unakwenda wapi?"

"Kwenye jembe siendi," alisema yule mama, na yakaishia hapo.

Theodora alikuwa na kanuni yake, aliyoitunga mwenyewe baada ya kuchoshwa na watu wanaoikumbuka jumuiya siku wanapotaka barua ya ubatizo. Kanuni ilisema: atakayehudhuria Alhamisi tatu mfululizo ni mwanajumuiya, ataandikwa, atapangiwa kazi, na atapewa barua ya utambulisho akiihitaji. Haikusema awe na miguu mingapi. Kufika mwanzo wa Julai nungunungu alikuwa amepangwa kufagia kanisa la kigango, komba wanawasha mishumaa ya juu, na mhanga ameingizwa kwenye kamati ya mazishi kama mchimbaji. Katekista aliyekuja kukagua daftari alisoma majina yote, akasahihisha herufi moja, akapiga mhuri.

Ndipo Vestina alipomwendea nyegere. Ilikuwa baada ya sala, watu wakiosha vikombe.

"Baba," alisema, maana nyegere alionekana kumzidi umri kwa namna ambayo hakuweza kuieleza, "ulikuwa unamfahamu mume wangu?"

"Alikuwa ananiwekea sega," alisema nyegere.

Alizungumza Kiswahili cha zamani, kilichonyooka, ambacho Vestina hakuwa amekisikia tangu wazee wa utotoni mwake. Baadaye alieleza kwamba katika msitu ule misafara ya wapagazi ilikuwa ikilala, ikitoka Ujiji kwenda pwani na ikirudi, na babu zake walijifunza lugha hiyo kwa kuketi karibu na mioto yao wakisubiri walale.

"Basi nataka uniambie," alisema Vestina, "siku zile za matanga uliona nini?"

"Nitasema barazani," alisema nyegere. "Nikisema hapa yatakuwa maneno ya jikoni."

Baraza liliketi Jumatatu ya pili ya Julai kwenye ofisi ya kijiji. Mwenyekiti alikuwa Revocatus, mzee mnene mwenye sauti ya taratibu, aliyehamia huko kutoka Lusu. Mjumbe wake alikuwa Majidi, muuza duka ambaye ukoo wake ni wa Isevya mjini Tabora, na ambaye alikuwa akinunua asali ya Aleksi kwa miaka mingi. Jonasi alikaa benchi la kushoto, amevaa shati la kwaya. Vestina alikaa la kulia na mfuko wake wa nailoni wenye cheti cha uraia, picha ya harusi na barua nane za utambulisho zilizoandikwa na Theodora kwa kalamu ya buluu. Nyuma yake walikuwa mashahidi. Palahala alisimama dirishani.

"Shikamoo mwenyekiti," alisema Vestina.

"Marahaba mama. Shahidi wa kwanza."

Mhanga alisimama. Aliwatangulia wote mpaka shambani, hatua arobaini kutoka kwenye minyaa ya sasa, akaanza kuchimba kwa mstari mmoja ulionyooka. Baada ya nusu saa mashina kumi na manane ya minyaa ya zamani yalikuwa juu ya ardhi, yamepangwa, kila moja likiwa na alama ya panga. Majidi alichutama akagusa moja.

"Hili limekatwa," alisema.

"Yote yamekatwa," alisema Revocatus. Alifuta jasho. "Turudini ofisini. Shahidi wa pili."

Nyegere alipanda kwenye kiti. Revocatus alichukua fomu, akailaza vizuri mezani, akafungua kalamu.

"Jina?"

"Nyegere."

"Umri?"

"Wa kutosha."

"Dini?"

"Mkatoliki, tangu Juni."

"Kazi?"

"Kurina asali."

"Una kibali?" aliuliza Majidi.

"Usimchokoze shahidi," alisema Revocatus. "Mwaka wa kufika kijijini?"

Fomu ile ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya makazi yale, ambako kila mtu alifika. Vestina alifika mwaka wa sabini na mbili, mgongoni kwa mama yake, kutoka Burundi. Revocatus alifika mwaka wa themanini na tisa akitafuta ardhi. Babu wa babu yake Majidi alifika Tabora na msafara kutoka pwani, na kabla ya hapo alitoka Omani kwa jahazi. Nafasi hiyo ya fomu haikuwahi kumshinda mtu yeyote.

"Sikufika," alisema nyegere.

"Mwaka tu. Hata wa kukadiria."

"Sikufika. Nilikuwepo."

Revocatus aliitazama fomu kwa muda. Aliigeuza nyuma kuona kama kuna nafasi nyingine. Hatimaye aliweka kistari, akasema, "Endelea na maelezo yako."

Nyegere alieleza. Alisema kwamba marehemu alikuwa akimwekea sega kila arinapo, na kati ya mavuno na mavuno alikuwa akimwekea kipande kila Jumamosi. Jumamosi ya Novemba ile sega halikuwepo, akajua kuna jambo. Alipanda kwenye kichuguu kuangalia nyumbani kwa marehemu, akaona watu wengi wameketi chini. Alishuka akarudi mpakani. Pale alimkuta Jonasi na panga, na jembe, na mzigo wa matawi ya minyaa. Alimwona asubuhi hiyo na asubuhi tatu zilizofuata, kuanzia alfajiri mpaka karibu saa tatu. Nungunungu alikuwepo, komba walikuwa juu, nsya alikuwa amejificha, kakakuona alikuwa akipita na shughuli zake. Palahala alikuwa mbali kidogo lakini ana macho mazuri.

"Alikuwa anafanya nini?" aliuliza Majidi.

"Alikuwa anapanda. Na alikuwa analia."

Jonasi alitazama viatu vyake.

"Alikuwa analia huku anapanda?" aliuliza Revocatus.

"Ndiyo. Kilio chenyewe kilikuwa cha kweli. Nimesikia watu wengi wakilia msituni."

Revocatus alimgeukia Jonasi. "Mzee Jonasi, una la kumwuliza shahidi?"

Jonasi alisimama. Akasema, "Siwezi kubishana na mwanajumuiya mwenzangu." Akaketi.

Wajumbe walitoka nje kushauriana. Vestina aliwasikia kupitia dirishani wakizungumza taratibu, na mara moja Majidi aliinua sauti akasema, "Lakini si tumeyaona mashina?" Palahala, aliyekuwa amesimama karibu nao, alisogea pembeni ili wawe huru. Waliporudi, Revocatus alikuwa ameshika karatasi kwa mikono yote miwili.

Alisoma kwamba baraza limewasikiliza mashahidi, na limewaamini. Barua zao za jumuiya zimepokelewa na ni halali. Mashina yameonekana na ni ya minyaa. Hata hivyo, shahidi wa mpaka anatakiwa awe na kitambulisho cha Taifa, au kwa uchache mwaka wa kufika kijijini, na mashahidi wa mlalamikaji hawana kimojawapo kati ya hivyo. Kwa hiyo, kisheria, siku saba zile za matanga hapakuwa na mtu aliyeona. Mpaka utabaki pale ulipo leo.

"Mnaamini kwamba aliuhamisha?" aliuliza Vestina.

"Tunaamini, mama," alisema Revocatus, naye alisikitika kweli. "Kuamini ni jambo moja. Mimi naandika kinachoandikika."

Mlangoni Majidi alimwambia kwa sauti ya chini, akimwita kwa jina la binti yake, "Mama Advera, na mimi ningekuwa nyegere ningesema hivyo hivyo."

"Asante, baba," alisema Vestina.

Walirudi nyumbani kwa miguu, yeye mbele na mashahidi nyuma. Njiani alijikuta halii. Aliwaza kwamba aliomba shahidi na alipewa shahidi, hakuomba hakimu. Mtakatifu Antoni alikuwa amefanya kazi aliyopewa. Usiku huo alimshukuru kwa novena fupi ya siku moja, akalala vizuri.

Mwezi wa Agosti Jonasi alikuja uani kwake, akavua kofia. "Shemeji, Jumatatu naanza kukata. Nimekupa wiki uishushe mizinga ya marehemu. Siwezi kuichoma, nitamwambia nini siku ya kiama?"

"Siwezi kupanda miti, shemeji. Nina miaka hamsini na tatu na goti."

"Ndiyo maana nimekupa wiki," alisema Jonasi. Aliacha nusu kilo ya sukari juu ya kigoda.

Alhamisi hiyo Vestina aliliweka jambo hilo kwenye maombi ya jumla. Ijumaa, saa mbili asubuhi, komba walipanda miyombo na kufungua kamba. Waliishusha mizinga mmoja mmoja, polepole, nyuki wakiwa ndani wametulia kama watoto waliobebwa na mtu wanayemfahamu. Palahala alibeba mitatu mgongoni. Nsya na mhanga walibeba wawili wawili. Kakakuona alijikongoja na mmoja, mdogo, juu ya magamba yake, na mizinga mitatu iliyobaki ilibebwa kwa mti wa mzegazega na nungunungu pamoja na Vestina mwenyewe. Nyegere hakubeba. Alitangulia mbele kwa fimbo, kama kirangozi wa misafara ya zamani, akiimba wimbo wa wapagazi ambao maneno yake mengi yalikuwa majina ya vituo vya maji.

Walipita mbele ya duka la Majidi kwa mstari mmoja. Majidi alikuwa anapima chumvi.

"Msafara huo!" alisema. "Wa pwani au wa Ujiji?"

"Wa kwa Mama Advera," alijibu nyegere bila kugeuka.

Majidi alitoa ndoo ya maji na kata, wakanywa, wakaendelea.

Kitongoji kilipewa jina kwa mninga mmoja uliobaki tangu watu walipofyeka mara ya kwanza, na mninga huo ulikuwa kwenye ua wa Vestina. Mizinga yote kumi na mmoja ilitundikwa humo, mingine juu ya mingine, mpaka mti ukawa kama nyumba ya ghorofa. Jumatatu shoka la kwanza liliposikika, wasafiri walikuwa tayari wameshapata pa kukaa. Mhanga alijichimbia chini ya ghala. Komba walichukua dari ya jiko. Nungunungu alipenda nyuma ya choo, palikuwa pakavu. Nsya alilala barazani, na palahala, ambaye hakuna paa lililomtosha, alisimama chini ya mninga na kupuna mgongo wake kwenye gome. Kakakuona aliviringika kwenye kona ya chumba cha Aleksi, mahali ambapo zamani vilikaa viatu vyake. Wakati mwingine Vestina, akifagia bila kuangalia, alimsogeza kama kiatu, kisha akamwomba radhi.

Binti yake Advera alipiga simu kutoka Usoke alikoolewa.

"Mama, umekaaje peke yako huko? Hamia kwangu."

"Sipo peke yangu, mwanangu. Asubuhi hii nimepika uji wa watu tisa."

"Akina nani hao?"

"Wanajumuiya."

"Haya, nawasalimu," alisema Advera.

Kwa kweli Vestina alikuwa na furaha. Tangu Aleksi afe alikuwa akisali rozari ya jioni peke yake, akijibu mwenyewe alichokianzisha mwenyewe. Sasa alianzisha, na nyumba nzima ikajibu. Mwezi wa Septemba alirina mizinga minne bila kutoka uani, na chini ya mninga, juu ya jani, aliweka sega la mwenyewe. Nyegere alilila mbele yake, bila haraka. Hapakuwa tena na haja ya kujificha.

Zamu ya kusali kwa Jonasi iliangukia Alhamisi ya kwanza ya Oktoba. Theodora alisema kwamba asiyetaka kwenda aseme mapema. Hakuna aliyesema. Vestina alivaa kitenge chake cha Kwaresima, akafunga mlango, na wote wakatoka.

Ua wa Jonasi ulikuwa mkubwa na safi. Upande mmoja kuni zilikuwa zimepangwa kama ukuta, mrefu kumzidi mtu, miyombo na mitundu, ncha zake bado nyekundu. Upande wa pili kulikuwa na mikeka. Mke wa Jonasi alikuwa amepika mihogo na chai ya maziwa, na hakumpunja mtu. Kila mmoja alikaa mahali pake. Nungunungu alikaa pembe ya jamvi. Komba walishika rozari. Nyegere alikaa mbele, mgongo wake karibu unaegemea zile kuni.

Jonasi mwenyewe aliongoza. Alikuwa na sauti nzuri na aliijua. Walipofika "utusamehe makosa yetu, kama tunavyowasamehe na sisi waliotukosea," hakupunguza sauti wala hakuongeza. Wote walisema pamoja naye, mhanga akiwa nyuma kidogo kama kawaida yake. Vestina alisema pia. Alijichunguza kama alisema kwa moyo, akaona kwamba alisema kwa sehemu kubwa ya moyo, akamwachia Mungu sehemu iliyobaki.

Baada ya sala, moshi wa jikoni uliwapitia. Nyegere aliinua pua.

"Huo ni mti wa mzinga wa saba," alisema.

"Unawaka vizuri," alisema Jonasi. "Karibu chai, mzee."

"Asante," alisema nyegere, akapokea kikombe.

Theodora alifungua daftari: waliohudhuria ishirini na saba, mgeni hakuna. Kisha akauliza kama kuna mwenye shida ya kusaidiwa na wenzake, kwa kuwa imani bila matendo ni kengele tupu. Jonasi aliinua mkono. Alisema msimu unakaribia, naye anajenga bani la tatu, maana kuni sasa anazo. Anahitaji mtu wa kumchimbia mashimo ya nguzo, manne tu.

Kisha mhanga, ambaye kwenye daftari ameandikwa mchimbaji, alisimama. Alichimba mashimo manne, yenye kina sawa, kabla chai haijapoa. Vestina alimpelekea maji ya kunawa miguu. Theodora, kwenye safu ya matendo ya huruma, aliandika jina la mhanga, tarehe, na kazi aliyoifanya.

Waliondoka jua likiwa bado lipo. Zamani kutoka kwa Jonasi kwenda kwa Vestina ilikuwa ni kukata moja kwa moja katikati ya miyombo. Sasa njia huzunguka minyaa, ambayo imeota ikamfika mtu kifuani, mibichi, imeshonana vizuri, na mtu mgeni angeapa kwamba iko pale tangu enzi za misafara. Vestina alitangulia na mfuko wa mihogo aliyofungiwa na mke wa Jonasi. Wengine walimfuata kwa mstari mmoja. Alianzisha Salamu Maria, wakaijibu, na hatua zile walizozungushwa ziliwatosha fungu zima la rozari, Salamu Maria kumi, kwa hiyo walipofika nyumbani walikuwa wameshamaliza.